Kuchechemea, Kunyata, Kupepesuka: Namna ya Kuvimudu Vitenzi vya Kiingereza

Tarehe 20 Juni 1976, mjini Belgrade, Antonín Panenka wa Chekoslovakia aliuweka mpira kwenye alama ya penalti. Akifunga, nchi yake inatwaa ubingwa wa Ulaya. Kipa wa Ujerumani Magharibi, Sepp Maier, akajitupa upande wake wa kushoto akitarajia shuti kali. Panenka akaubetua mpira taratibu, ukaelea hadi katikati ya goli, pale pale kipa alipotoka kusimama. Mwandishi wa Kiingereza akilisimulia tendo hilo haandiki "kicked", ingawa mpira ulipigwa kwa mguu. Anaandika "chipped". Miaka 30 baadaye, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin, Zinedine Zidane naye aliubetua mpira wa penalti vivyo hivyo, ukagonga mwamba na kudondokea ndani ya mstari. Katika muda wa nyongeza wa mchezo huo huo akamtwanga Marco Materazzi kifuani kwa kichwa. Kwa tendo hilo lote Kiingereza kina neno moja: "headbutted".

Vitenzi vya namna hii, vinavyotaja tendo na papo hapo kuonyesha lilivyofanyika, ndivyo vinavyowapiga chenga wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki.

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akiwa na "go", "come", "look", "say", "eat" na "beat". Kwa akiba hiyo anaweza kujibu maswali ya sarufi na kuomba ruhusa ya kutoka darasani. Taabu huanza anapofungua kitabu cha hadithi. Ukurasa wa kwanza mhusika "trudged", wa pili mwenzake "glanced", wa tatu kuna mtu "muttered", na kamusi inachoka kufunguliwa. Zamu ya kuandika insha ikifika, yeye mwenyewe anaandika "He went" kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Sentensi ni sahihi, lakini hakuna kinachoonekana. Mwalimu naye humpa orodha ndefu ya vitenzi na tafsiri zake akariri, na muda si mrefu orodha imekwisha kichwani.

Orodha hiyo husahaulika kwa sababu "limp" na "stagger" na "tiptoe" zote zimeandikiwa mbele yake "kutembea", na mwanafunzi anabaki na maneno mengi yenye maana moja. Kinachomsaidia ni kujua kwanza mahali ambapo kila lugha huiweka namna ya tendo.

Tendo moja, mpangilio tofauti

Mwaka 1985 mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy alieleza kwa kirefu jinsi lugha zinavyogawanya habari ya mwendo. Ziko lugha ambazo kitenzi kikuu hubeba njia iliyofuatwa, na namna mtu alivyokwenda husemwa pembeni. Ziko nyingine ambazo kitenzi hubeba namna, na njia huachiwa kijineno kinachofuata. Kiingereza ni cha kundi la pili.

Kiswahili, katika sentensi nyingi, hufanya lile la kwanza. "Mzee alivuka barabara akichechemea." Kitenzi kikuu ni kuvuka, na kuchechemea kumekuja nyuma yake kwa -ki-. Mwingereza huigeuza sentensi hiyo ndani nje: "The old man limped across the road." Kuchechemea sasa ndiko kitenzi kikuu, na kuvuka kote kumeingia ndani ya "across".

Mazoezi yaanzie hapa. Mwanafunzi atafute sentensi za Kiswahili zenye -ki- ya namna hiyo, kisha azigeuze. "Mtoto alitoka chumbani akinyata" inakuwa "The child tiptoed out of the room." "Mlevi aliingia baa akipepesuka" inakuwa "The drunk staggered into the bar." "Kobe alipanda kilima akijikokota" inakuwa "The tortoise plodded up the hill." Katika kila sentensi, kitenzi cha Kiswahili cha mwishoni kimehamia mbele, na kile cha mbele kimepungua kikawa "out", "into" au "up". Mtu akiandika "He entered the bar staggering" hajakosea sarufi, lakini sentensi yake inanuka tafsiri.

Watafiti wameupima mwelekeo huu kwa kitabu cha watoto. Mercer Mayer alitoa mwaka 1969 kitabu cha picha kisicho na maandishi, "Frog, Where Are You?", kuhusu mvulana na mbwa wake wanaomtafuta chura aliyetoroka kwenye chupa. Dan Slobin na Ruth Berman, pamoja na wenzao, waliwaonyesha picha hizo wasemaji wa lugha tano wakawaomba wasimulie, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Katika picha moja bundi anachomoza kutoka kwenye tundu la mti. Wasemaji wa Kihispania kwa kawaida walisema bundi alitoka. Baadhi ya Waingereza walimpa kitenzi cha namna na kumalizia na "out": aliruka, alichomoka ghafla.

Zoezi hilo linafanyika nyumbani bila gharama. Chukua picha zozote zinazofuatana, hata katuni ya gazeti, zisimuliwe kwanza kwa Kiswahili na kisha kwa Kiingereza, na katika mzunguko wa pili msimuliaji akatazwe kutumia "go" na "come". Atahangaika mwanzoni, na mahangaiko hayo yatamwonyesha ni vitenzi gani amepungukiwa.

Akiba iliyopo nyumbani

Wako wanaodhani Kiingereza kina maneno ya kila kitu na Kiswahili kina "kwenda" na "kupiga" tu. Dhana hiyo humchelewesha mwanafunzi, kwa sababu humfanya aanze na mikono mitupu ilhali kabati lake limejaa.

Kiswahili kina tanakali za sauti. Mtu huanguka pu, jiwe hutumbukia majini chubwi, mtoto hulala fofofo, nguo hulowa chapachapa. Mara nyingi Kiingereza kimeimeza tanakali hiyo ndani ya kitenzi. Gunia lililoanguka pu limefanya "thud". Jiwe lililosema chubwi ni "The stone plopped into the pond." Aliyelowa chapachapa "was drenched". Tawi kavu lililokatika ka! ni "The dry branch snapped." Kwa hiyo kila mwanafunzi anapokutana na tanakali katika hadithi ya Kiswahili, ajiulize ni kitenzi gani cha Kiingereza chenye sauti hiyo ndani yake.

Kisha kuna "kupiga". Neno hili peke yake halisemi mengi, nomino inayolifuata ndiyo inayochora picha, na karibu kila nomino ina kitenzi chake kamili upande wa pili. Kupiga kofi ni "slap". Kupiga ngumi ni "punch", teke ni "kick", kikumbo ni "shove", hodi ni "knock". Ukitoka kwenye ugomvi ukaingia kwenye maisha ya kawaida, orodha inaendelea: kupiga chafya "sneeze", miayo "yawn", mluzi "whistle", magoti "kneel", mbizi "dive", pasi "iron", deki "mop". Mwanafunzi akitenga ukurasa mmoja wa daftari kwa ajili ya "kupiga" na kuujaza kidogo kidogo, atapata vitenzi zaidi ya 20 ambavyo tayari anajua jinsi vinavyofanyika. Kupiga konzi kutamkwamisha kidogo, kwani Kiingereza hakina neno moja la kawaida kwa tendo hilo. Itabidi aeleze kwamba mtu amegongwa kichwani kwa vifundo vya vidole.

Mahali pengine Kiswahili ndicho kinachochagua zaidi. Mwingereza hu-"wash" nguo, vyombo, mikono na uso. Mswahili hufua nguo, huosha vyombo na hunawa mikono, na akijiandaa kwa sala hutawadha. Kusonga ugali hakuna kitenzi kinachokutosheleza kwa Kiingereza. "Stir" ni kukoroga tu, na anayesonga anajua uzito wa mwiko ugali unapokaribia kuiva. Kuyajua haya humzuia mwanafunzi asitafute neno moja kwa neno moja.

Kujifunza kwa jamii ndogo

Beth Levin, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alivipanga vitenzi vya Kiingereza zaidi ya 3,000 katika makundi kufuatana na maana na tabia zake katika sentensi. Mwanafunzi hahitaji vyote. Anahitaji wazo lile la kundi: achukue vitenzi vitano au sita vya tendo moja, aviweke pamoja, na avitofautishe kwa maswali machache. Je, tendo ni la haraka au la polepole? Mwili uko katika hali gani? Moyo nao? Anayetenda anataka aonekane au asionekane?

Mwendo wa miguu ujibu maswali hayo. "Stroll" ni mwendo wa polepole na wa raha, wa mtu anayepunga upepo Forodhani, Zanzibar, jioni. "Stride" ni hatua ndefu za mtu anayejiamini, mathalani refa anayeelekea alama ya penalti. "Trudge" ni mwendo mzito wa aliyechoka, na mara nyingi kuna matope au mzigo: mwanafunzi anayerudi nyumbani masika, viatu vimeshika udongo. "Shuffle" ni kuburuta miguu bila kuinyanyua, kandambili zikikwaruza sakafu. "Strut" ni mwendo wa maringo, na jogoo ndiye mwalimu wake. "Creep" ni kunyata, kama afanyavyo paka anayemnyemelea panya. "Wander" ni kuranda bila kuelekea popote. Mtu hawezi ku-"stroll" akiwa amechelewa basi, wala ku-"trudge" akiwa na furaha. Mgongano wa aina hiyo katika insha huonekana mara moja.

Jamii ya kutazama inafaa kuanzwa mapema, kwa kuwa vitenzi vyake vimejaa katika kila riwaya. Daladala moja inatosha kuvikusanya. Dada aliyechelewa kazini anaitupia jicho saa yake: "she glances at her watch". Mtoto aliyepakatwa anamkodolea macho abiria mwenye ndevu nyingi: "he stares at him", na akiwa mtu mzima angeonekana hana adabu. Mama aliyerudishiwa chenji pungufu anamtazama konda kwa macho makali: "she glares at him". Gari likipita daraja la Salenda, Dar es Salaam, kijana wa dirishani anaitazama bahari kwa kitambo, mawazo yakiwa mbali: "he gazes at the sea". Mzee aliyesahau miwani anakaza macho asome jina la kituo: "he peers at the sign". Na aliyeko nje, anayechungulia mlangoni kuona kama kuna nafasi, "peeps in".

Kwenye kusema, Kiswahili na Kiingereza hukaribiana sana. Kunong'ona ni "whisper", kunung'unika ni "grumble", kuropoka ni "blurt out", kufoka kwa neno fupi la hasira ni "snap", kushikwa na kigugumizi ni "stammer". Jozi moja husumbua: "mumble" ni kumung'unya maneno yasisikike vizuri, labda kwa aibu au usingizi, ilhali "mutter" ni kusema chini chini, na mara nyingi ndani yake kuna kinyongo. Mwanafunzi aliyeulizwa swali asilojua jibu lake hu-"mumble". Aliyepewa adhabu asiyoiona ya haki hu-"mutter" akitoka.

Jamii za mdomo na tumbo ni rahisi zaidi. "Nibble" ni kumega kidogo kidogo kwa meno ya mbele kama panya, "munch" ni kutafuna kwa raha, "gobble" ni kufakamia. Chai ya moto mtu hui-"sip", maji baada ya mbio huya-"gulp". Na anayekunywa uji kwa kuuvuta hadi wa meza ya pili asikie, huyo ana-"slurp".

Sikio lisaidie

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1930 kuhusu jambo ambalo mwanafunzi makini huligundua mwenyewe: sauti fulani za Kiingereza huvuta maana fulani. Maneno mengi yanayoanza kwa gl- yana mwanga au macho ndani yake: "glow", "gleam", "glitter", "glance", "glare". Yanayoanza kwa sn- huzunguka pua: "sniff", "sneeze", "snore", "snort". Yanayoishia kwa -ash hugonga kwa nguvu: "smash", "crash", "bash".

Huu ni msaada wa kumbukumbu, wala usigeuzwe kanuni. "Glove" haing'ai, na "snow" haina pua. Lakini mtu aliyekwama katikati ya kitabu bila kamusi, akakutana na "snuffle", ana haki ya kubahatisha kuwa kuna pua inayohusika, na atakuwa amepatia.

Sikio lina kazi nyingine kwa wale ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi r na l. Kwao "glow" na "grow" zinaweza kutoka zikiwa kitu kimoja, na "crash" ikageuka "clash", ambayo ni kugongana kwa namna nyingine kabisa, hata kwa maneno. Jozi za aina hii zisomwe kwa sauti, mtu mmoja akitamka na mwingine akionyesha neno alilolisikia.

Mwili wote darasani

Mwanasaikolojia James Asher wa California alijenga, katika miaka ya 1960, njia ya kufundisha lugha kwa amri na mwitikio wa mwili. Mwalimu anasema, wanafunzi wanatenda. Mwanzoni hawalazimiki kutamka neno. Simama, nenda mlangoni, gusa ukuta, rudi. Vitenzi vya matendo vinaifaa njia hii kuliko aina nyingine yoyote ya maneno, kwa sababu maana yake inaonekana.

Walimu wenye madarasa makubwa wanaweza kuitumia bila vifaa. Mwalimu anaandika "limp", "tiptoe", "march", "stagger" na "strut" ubaoni, anamwita mwanafunzi mmoja mbele, anamnong'oneza kitenzi kimoja, na mwanafunzi anatembea kutoka ukutani hadi dirishani. Darasa linataja kitenzi. Aliyepatia anafuata. Baada ya raundi chache mwalimu anaongeza kijineno: sasa mtu a-"tiptoe out", a-"march in", a-"limp across". Darasa litacheka, hasa kwenye "strut". Nyumbani wazazi wafanye hivyo na watoto wakati wa kupika: "stir", "pour", "sprinkle", "squeeze the lemon", "peel the potatoes". Kinachotakiwa ni mkono kufanya tendo lile lile ambalo sikio limelisikia.

Vijineno na herufi bubu

Mwanafunzi anayejua maana ya kitenzi amefika nusu ya njia. Nusu iliyobaki ni maneno yanayokwenda nacho. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, aliliona hilo alipokuwa akitengeneza kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, iliyotoka Tokyo mwaka 1942 na ambayo baadaye ilikuja kuwa Oxford Advanced Learner's Dictionary. Kamusi hiyo ilimwonyesha msomaji ni muundo gani wa sentensi unaokifuata kila kitenzi. Kamusi za wanafunzi za leo zimeendelea na desturi hiyo, na mifano yake ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka.

Uzito wa kijineno uonekane katika "throw". Kwa Kiswahili mtu humtupia mwenzake mpira, na humtupia jiwe, kwa kitenzi kile kile chenye -ia. Kiingereza hutenganisha nia: "threw the ball to him", ili audake, na "threw a stone at him", ili limpate. Ndivyo ilivyo kwa "shout". Anaye-"shout to" rafiki yake ng'ambo ya barabara anamwita, na anaye-"shout at" rafiki huyo anamfokea. Kwa hiyo katika daftari kisiandikwe "glare" kikiwa peke yake. Kiandikwe "glare at", pamoja na sentensi moja fupi ambayo mwanafunzi ameitunga mwenyewe.

Wakati uliopita nao una mitego, na ndimo hadithi nyingi husimuliwa. Vingi vya vitenzi hivi huchukua -ed bila matata. Vilivyo vikaidi vina ukoo wake: "fling", "cling", "swing", "sting" na "wring" zote huishia "flung", "clung", "swung", "stung", "wrung", nazo "creep", "sweep" na "weep" huwa "crept", "swept", "wept". Zikikaririwa kwa ukoo hazichukui muda. Herufi bubu zikusanywe vilevile: k ya "knock", "kneel" na "knead", w ya "wring" na "wrestle", b ya "climb", t ya "whistle", g ya "gnaw".

Mahali pa kuvikuta

Wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza wana darasa la bure kila wikendi. Taarifa za maandishi zinazofuata mchezo dakika kwa dakika mtandaoni zimejaa vitenzi vya namna hii, na picha ya televisheni hutoa maana yake papo hapo. Mpira uliozungushwa ukapinda umekuwa "curled". Uliosukumwa tu wavuni kwa karibu umekuwa "tapped in". Uliotiwa kwa utulivu pembeni mwa kipa umekuwa "slotted home". Uliopaishwa juu ya goli kwa mkwaju usio na shabaha umekuwa "blasted over". Kipa anayepangua mpira hu-"parry", na anayeugusa kwa ncha za vidole ukapita juu ya mwamba hu-"tip it over". Asiyependa mpira aende jikoni: mapishi ya Kiingereza hutofautisha "chop", "slice", "dice", "grate", "knead", "whisk" na "simmer", na akikosea chakula kitamwambia.

Vitabu vifuate, na viwe vya ngazi yake. Hadithi nyepesi za Richard Mabala, "Hawa the Bus Driver" na "Mabala the Farmer", ambazo zimesomwa sana katika madarasa ya mwanzo ya sekondari Tanzania, zina matendo mengi katika mazingira yanayojulikana, hivyo msomaji habahatishi mambo mawili kwa pamoja. Katika usomaji wa kwanza aiache kamusi pembeni apate hadithi. Katika wa pili apige mstari chini ya vitenzi vitano tu vya kila sura, na hivyo ndivyo avitafute.

Kuhusu kamusi, ya Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya TUKI ya mwaka 1996, humpa neno la kuanzia. Ya Kiingereza kwa Kiingereza humpa mipaka. Longman Dictionary of Contemporary English, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978, hueleza maana kwa msamiati teule wa maneno kama 2,000, kwa hiyo hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifuata. Atumie zote mbili kwa mfuatano huo.

Kiasi gani kinatosha

Hatari ya mwisho huwapata wanaofanya vizuri. Mwanafunzi aliyekusanya vitenzi 60 hutamani kuvimwaga vyote katika insha moja. Wahusika wake wanaanza ku-"strut" kwenda chooni na ku-"exclaim" kila wafunguapo kinywa. Mwandishi wa riwaya wa Marekani Elmore Leonard, katika kanuni 10 za uandishi alizozitoa gazetini mwaka 2001, alionya waandishi wasitumie kitenzi kingine chochote badala ya "said" katika mazungumzo. Wengi wataona amezidisha, na mtihani wa shule una matarajio yake. Hata hivyo onyo lake lina kazi: "said" hupita bila kuonekana, na msomaji humsikiliza mhusika badala ya kumtazama mwandishi.

Jambo la pili ni rangi ya neno. "Smirk" ni kutabasamu, ila kwa dharau au kujiona, na anayemwandikia mhisani kwamba watoto "smirked" walipopokea vitabu amewatukana. "Snatch" ni kupokonya, si kupokea. "Giggle" inamfaa mtoto kuliko hakimu. Maana ya kamusi peke yake haitoshi kuamua haya. Mifano ya sentensi ndiyo inayoonyesha ni nani hufanya tendo hilo, na mbele ya nani.

Namna ya kupima ni kuandika kwanza bila kujali, kisha kurekebisha. Tuseme rasimu inasomeka: "Juma went to the house. He looked through the window. 'There is nobody here,' he said." Hadithi inamtaka Juma asionekane, basi vitenzi viwili vya kwanza vibadilike: "Juma crept up to the house and peeped through the window." Cha tatu, "said", kibaki kilivyo, kwa kuwa uzito uko kwenye maneno yenyewe. Ukurasa mmoja wa insha unaweza kubeba vitenzi vinne au vitano vya aina hii, vikiwekwa pale ambapo namna ya tendo inabadili kinachoeleweka. Rasimu ikishakamilika, isomwe kwa sauti mbele ya rafiki ambaye kazi yake ni kuigiza kila kitenzi kinapotajwa. Pale atakaposita asijue afanye nini na miguu yake, au akifanya tendo ambalo mwandishi hakulikusudia, kitenzi hicho kiwekewe alama na kirudishwe kwenye kamusi kabla insha haijanakiliwa safi.